Programu ipi ya kuhariri picha inaifaa kazi yako?

Uliza katika kundi lolote la wapigapicha ni programu ipi nzuri ya kuhariri, na utapewa majina saba kabla hujaweka simu chini: Photoshop, Lightroom, Capture One, Affinity, GIMP, darktable, Snapseed. Kila jina lina mtetezi wake, na wote wanasema kweli, maana kila mmoja anajibu kwa kazi anayoifanya yeye. Mpigapicha wa harusi, mwenye studio ya picha za pasipoti, mwandishi wa habari za michezo na mfanyabiashara anayeuza vitenge Instagram wote huhariri picha, lakini muda wao hauliwi mahali pamoja. Kabla ya kulinganisha programu, jua kwanza muda wako wewe unaliwa wapi.

Chukua kazi moja ya kawaida, uandike dakika za kila hatua: kunakili kutoka memori kadi, kuchambua zinazofaa na zisizofaa, kurekebisha mwanga na rangi, kusafisha nyuso na mandhari, kutoa faili za mwisho, kumfikishia mteja, kuhifadhi. Si ajabu kukuta kwamba kuchambua na kutafuta faili kumekula muda mwingi kuliko kuhariri kwenyewe. Aliyekuta hivyo akinunua programu yenye brashi na vichujio zaidi, atakuwa ametibu kidonda ambacho hana.

Familia mbili zinazochanganywa

Programu hizi zimegawanyika katika familia mbili, na lawama nyingi za "programu hii ni nzito" hutokana na kutumia familia moja kwa kazi ya nyingine.

Familia ya kwanza inashughulika na pikseli zenyewe. Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, ndiyo mkubwa wao. GIMP, Affinity na Photopea wamo humo. Ukifuta nguzo ya umeme nyuma ya maharusi, pikseli za nguzo zinaondoka na nyingine zinawekwa badala yake. Familia hii hufanya kazi kwa matabaka, na matabaka yana gharama. Picha ya megapikseli 24 iliyofunguliwa kwa biti 16 ina pikseli milioni 24, mara rangi tatu, mara baiti mbili: takriban MB 144 kwa kila tabaka lililojaa. Weka matabaka sita juu ya kompyuta yenye RAM ya GB 8 ambayo pia imefungua kivinjari, na utaiona ikianza kuhema.

Familia ya pili haiigusi picha. Lightroom, iliyotoka 2007, pamoja na Capture One, DxO PhotoLab, darktable na RawTherapee, huandika maelekezo tu: ongeza mwanga nusu stopu, shusha joto la rangi hadi Kelvin 4800, kata pembeni. Maelekezo hayo ni maandishi ya kilobaiti chache, na hutekelezwa pale unapotoa JPEG. Ndiyo maana unaweza kurekebisha picha moja ya kanisani kisha ukazipa nyingine 200 maelekezo yaleyale kwa kubofya mara moja. Faili ya kamera inabaki ilivyotoka, na mwakani ukibadili mawazo unaanza upya bila kupoteza kitu.

Kwa kifupi, picha nyingi zinazofanana kwa mwanga ni kazi ya familia ya pili. Picha moja inayohitaji upasuaji, bango, au kuunganisha picha mbili, ni kazi ya familia ya kwanza. Wanaoishi kwa picha wengi wanahitaji zote mbili, ila kwa viwango tofauti.

Harusi, hatua kwa hatua

Tuchukue harusi, kwa kuwa ndiyo inayobana programu kila upande. Tuseme umerudi na picha 1,500 za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazigeuza kuwa JPEG. Kamera ya megapikseli 24 hutoa RAW iliyobanwa ya kama MB 30, kwa hiyo una GB 45 mkononi. Nakili kwenye SSD ya kompyuta na kwenye diski ya nje kabla ya kufuta kadi. Hapa programu haina ujanja wowote, ni nidhamu tu.

Kuchambua ndiko kunakotofautisha. Programu nyingi za RAW, ukihama kutoka picha hadi picha, hulazimika kuitengeneza picha ya kuonyesha kutoka kwenye data ghafi. Sekunde mbili za kusubiri kwa kila picha, mara 1,500, ni dakika 50 za kutazama kioo bila kufanya lolote. Photo Mechanic ilipata jina kwa sababu haifanyi hivyo: kila faili ya RAW ina JPEG ndogo ambayo kamera yenyewe imeipachika ndani, na programu hii husoma hiyo tu. Picha hupita kwa kasi ya kidole. Lakini usikimbilie kulipa. Katika Lightroom Classic, wakati wa kuingiza picha, chagua "Embedded & Sidecar" kwenye sehemu ya previu, na utapata sehemu kubwa ya kasi hiyo bila programu nyingine. Tahadhari moja: rangi unayoiona wakati huo ni ya kamera, na itabadilika kidogo ukiingia kuhariri. Hapo hakuna kilichoharibika.

Baada ya kuchambua, gawanya kwa mwanga: kanisani au msikitini, bustanini, ukumbini. Hariri picha moja ya kila kundi, kisha sambaza. Kosa la kila siku hapa ni kusambaza kila kitu pamoja na kipimo cha kukata. Unakuja kushtuka picha 180 zimekatwa miguu kwa sababu ile ya kwanza ilikatwa kwa wima. Kabla ya kubofya "Sync", ondoa alama kwenye kukata, kunyoosha na kufuta madoa. Mizani ya weupe, yaani kipimo kinachofanya nyeupe ionekane nyeupe chini ya taa yoyote, isambaze, hasa kama kamera ilikuwa kwenye otomatiki, kwa kuwa kamera hubadili mawazo kila inapoona shela nyingi au suti nyingi ndani ya fremu.

Ukumbini ndiko jasho linakotoka. Taa za LED za zambarau jukwaani, taa ya mpiga video yenye mwanga wa mchana, balbu za manjano juu ya meza kuu. Hakuna mizani moja ya weupe itakayoweka sawa vyanzo vitatu. Unahitaji programu inayoweza kuchagua eneo na kulirekebisha peke yake. Lightroom, tangu mwishoni mwa 2022, inamtambua mtu na hata kutenganisha ngozi ya uso, nywele na midomo. Capture One ina zana ya ngozi ambayo unagusa rangi unayoitaka, kisha inazivuta nyingine ziifuate, na hilo huokoa uso ambao upande mmoja ni wa zambarau. Darktable nayo ina maski (njia za kuchagua eneo) nzuri sana za rangi na mwangaza, ila lazima uzijenge mwenyewe, na wiki za mwanzo zitakuwa ngumu.

Kuhusu ngozi nyeusi kuna jambo ambalo wauza preseti, yaani marekebisho yaliyopangwa tayari, hawalisemi. Preseti nyingi zinazouzwa mtandaoni zimepimwa kwa ngozi nyeupe. Hupandisha mwangaza wa rangi ya chungwa na kupunguza ukolezi wake, ili ngozi ya waridi ionekane laini. Ngozi yetu pia iko kwenye machungwa na wekundu, kwa hiyo preseti hiyohiyo humwacha bibi harusi akiwa na rangi ya majivu. Usiitupe preseti uliyoinunua: nenda kwenye kichanganya rangi, rudisha chungwa na nyekundu kwenye sifuri, kisha ongeza mwanga wa uso kwa maski badala ya kung'arisha picha nzima. Ukiing'arisha nzima, shela inaungua.

Hapo pia utaona kwa nini RAW si anasa. Faili ya biti 14 ina hatua 16,384 za mwangaza kwa kila rangi, JPEG ina 256. Uso uliopigwa gizani kando ya gauni jeupe, ukiuvuta juu kutoka kwenye JPEG, hutoka na mabaka ya kijani na wekundu. Programu ghali haiwezi kurudisha kilichokwisha kutupwa ndani ya kamera.

Zile 20 au 30 za albamu ndizo zipelekwe Photoshop, Affinity au GIMP kwa usafi wa mwisho. Kisha toa JPEG kwa sRGB, mpangilio wa rangi unaotumiwa na simu na mashine nyingi. Faili ya Adobe RGB, mpangilio mwingine wa rangi, ikifika kwenye simu au mashine ya kuchapisha inayodhani kila kitu ni sRGB, rangi hupauka, na mteja atakulaumu wewe. Picha za kutuma WhatsApp zitume kama dokumenti au kwa kiungo, kwa kuwa zikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa.

Studio ya pasipoti haihitaji hayo yote

Mwenye studio ndogo ya pasipoti akiuziwa Lightroom, ameuziwa jembe aende kuvulia samaki. Kazi yake ni ileile mara hamsini kwa siku: kata, safisha mandhari, panga, chapa. Anachohitaji ni kiolezo na njia ya kurudia hatua.

Saizi ya milimita 35 kwa 45, kwa nukta 300 kwa inchi, ni pikseli 413 kwa 531. Tengeneza turubai ya inchi 6 kwa 4, yaani pikseli 1800 kwa 1200. Karatasi ikilala kwa upana zinaingia picha nane, nne kwa safu mbili. Ikisimama wima zinaingia sita tu. Kwa viza ya Marekani picha ni milimita 51 kwa 51, sawa na pikseli 600 kwa 600.

Photoshop hapa ina faida ya kurekodi hatua na kuzirudia kwa kitufe kimoja. GIMP haina kinasa hatua cha namna hiyo. Inarudia kazi kwa hati za programu, ambazo lazima mtu akuandikie. Kwa foleni ya wateja asubuhi ya siku ya maombi ya vyuo, tofauti hiyo ni kubwa. Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo, inafungua faili za PSD za Photoshop, na picha haziondoki kwenye kompyuta yako kwenda kuhaririwa kwingine.

Vipimo vikitoka vibaya, mara nyingi kosa liko kwenye printa. Uchapaji usio na ukingo hukuza picha kidogo ili wino ufike mwisho wa karatasi, na ile ya milimita 35 inatoka 36. Chapa kwa asilimia 100, zima "fit to page", upime kwa rula karatasi ya kwanza kabla ya kumkabidhi mteja.

Gazeti na duka la Instagram

Anayepeleka picha gazetini anashindana na saa, na maelezo ya picha yana uzito sawa na picha yenyewe. Kwake Photo Mechanic ina maana: unaandaa orodha ya wachezaji kabla ya mechi, kisha ukiandika kifupisho chenye namba ya jezi, jina kamili linajiandika kwenye maelezo. Zana za akili bandia za kuongeza au kuondoa vitu kwake ni hatari. Mwaka 2015 Reuters iliwaambia wapigapicha wake wa kujitegemea wasitume picha zilizotengenezwa kutoka RAW, bali zilizotoka kamerani kama JPEG. Kabla ya kuchagua programu, soma kanuni za anayenunua picha zako.

Muuza vitenge naye ana tatizo moja kubwa: mteja anarudisha kitenge akisema rangi siyo aliyoiona. Snapseed, ambayo Google iliipata ilipoinunua kampuni ya Nik mwaka 2012, ni ya bure na inamtosha. Weka karatasi nyeupe kando ya kitambaa katika picha ya kwanza, fungua mizani ya weupe, gusa ile karatasi kwa kichagua rangi. Kama ana vitambaa 40 kwa siku, Lightroom ya simu itamfaa zaidi, kwa kuwa anaweza kunakili marekebisho ya picha moja na kuyabandika kwenye nyingine. Akihama kutoka dirishani kwenda chini ya taa, arudie ile karatasi.

Pesa, intaneti na kufuli

Adobe iliacha kuuza programu zake nyingi moja kwa moja mwaka 2013 na kuhamia malipo ya kila mwezi. Lightroom ya mwisho ya kununua mara moja ilikuwa namba 6, ya 2015, na masasisho yake yalikoma mwishoni mwa 2017. Januari 2025 kifurushi chao cha bei nafuu cha wapigapicha, kile cha GB 20, kiliacha kuuzwa kwa wateja wapya. Capture One unaweza kulipia kwa mwezi au kununua. Affinity ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 inatolewa bure kwa mwenye akaunti ya Canva, isipokuwa zana za akili bandia. Darktable, RawTherapee, digiKam na GIMP ni bure tangu mwanzo. GIMP yenyewe haifungui RAW, inaiitia darktable au RawTherapee.

Hesabu bei ya mwezi dhidi ya kazi unazopata mwezi mbaya, siyo Desemba. Ukikosa kulipa, Lightroom Classic haikufungii picha. Itaendelea kufunguka, utaziona na kuzitoa, ila sehemu ya Develop, ile ya kuhariri, inafungwa. Kwa mwenye harusi mbili kwa mwaka, hilo pekee linatosha kumpeleka kwenye programu ya bure.

Wengi hawatofautishi Lightroom Classic na ile inayoitwa Lightroom tu. Ya pili kwa kawaida hupandisha picha zako halisi kwenye mtandao. GB 45 za harusi moja kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde ni saa kumi mfululizo, bila kukatika. Kwa bando la simu, usijaribu. Classic huacha picha kwenye diski yako.

Kuhusu programu za kukraki, acha kwanza virusi. Toleo la zamani linalozunguka kwenye flashi haliijui kamera mpya. Canon walianza kutumia CR3, aina mpya ya faili yao ya RAW, mwaka 2018, na Lightroom 6 iliyoachwa 2017 inaikataa faili hiyo. Watu wamedhani kadi imeharibika. Adobe DNG Converter, ambayo ni ya bure, huibadilisha CR3 kuwa DNG, aina ya RAW ya Adobe ambayo programu za zamani zinaisoma. Njia nyingine ni programu ya mtengenezaji: Digital Photo Professional ya Canon, NX Studio ya Nikon, Imaging Edge ya Sony. Zote bure, rangi zake ni zilezile za kamera, lakini ni za kampuni moja na hazina haraka.

Kompyuta nayo inachagua. RAM ya GB 16 na SSD zitakupa zaidi ya programu yoyote mpya. Kuondoa chembechembe (noise) kwa akili bandia, ambako Lightroom ilikuleta 2023, hutegemea kadi ya michoro. Bila kadi nzuri, picha moja inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ifanye kwa zilizochaguliwa tu, usiku.

Marekebisho yako yanakaa wapi?

Hili watu huliuliza wakiwa wamechelewa. Lightroom Classic huweka maelekezo yote kwenye katalogi, faili moja inayoishia na .lrcat. Picha hazimo ndani yake. Ukihamisha folda kupitia Windows, katalogi inapoteza njia na folda inaweka alama ya kuuliza. Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua "Find Missing Folder", uielekeze ilikohamia. Siku nyingine hamisha ukiwa ndani ya Lightroom. Na nakala ya akiba ya katalogi iwe kwenye diski nyingine, siyo pembeni ya katalogi yenyewe.

Darktable huandika faili ndogo ya maelekezo, iitwayo XMP, kando ya kila picha bila kuombwa. Lightroom inaweza pia, ukiwasha kuandika XMP kwenye mipangilio. Nyota, maneno ya utafutaji na maelezo husomeka kwenye programu nyingine. Rangi na mwanga havisafiri, kwa kuwa kila programu ina hesabu yake ya kutengeneza picha. Waliokuwa na Aperture ya Apple walilijua hilo 2014 ilipotangazwa kusitishwa, na tangu macOS Catalina ya 2019 haifunguki tena. Picasa ya Google nayo iliachwa 2016.

Kwa hiyo unapojaribu programu mpya, tumia muda wa majaribio kwa picha 100 za kazi iliyokutoa jasho, ukumbi wenye taa mbaya, na siyo picha za mfano za kampuni. Zipitishe hatua zote ukiwa na saa mkononi, hadi JPEG zifike kwenye simu nyingine. Linganisha na dakika ulizoandika mwanzo. Kama umeokoa muda kwenye hatua iliyokuwa inakula zaidi, hama. Kama umeokoa kwenye hatua ya dakika tano, baki ulipo.

Ukihama, usihamishe kazi za zamani. Anza na kazi mpya kwenye programu mpya. Za zamani zilizokwisha kulipwa zitoe kama JPEG za ukubwa kamili, na zile chache unazoweza kuombwa tena zitoe kama TIFF ya biti 16, ukijua kila moja itakula kama MB 144. RAW zake, XMP na katalogi viweke pamoja kwenye folda moja, na programu ya zamani usiiondoe kwenye kompyuta hadi mteja wa mwisho aliye humo achukue albamu yake.